Hana

Kibanda changu kiko Makoroboi, kati ya muuza saa na fundi wa redio.
Nachonga mihuri. Ya ushirika, ya mtendaji wa mtaa,
ya kanisa ambalo bado halijapata paa.
Raba, kisu, wino wa zambarau: miaka ishirini na sita
nawapa watu uso wa kuaminika
kwa elfu kumi na tano. Wino mwekundu, ongeza mbili.

Kwa hiyo Nkwimba aliposema, Baba, kuna mwalimu wa taekwondo Kirumba,
mkanda mweusi, dani ya nne, cheti kutoka Korea,
ada elfu ishirini kwa mwezi na sare ni mbali,
nilijibu: cheti nitakisoma mimi.

Ukumbi ulikuwa ghala la zamani la minofu ya sangara.
Sakafu imesuguliwa, lakini harufu haijui sabuni.
Watoto kumi na wawili, pekupeku,
wanahesabu mateke kwa sauti moja:
Hana! Dul! Set! Net!
Nikamgeukia binti: Hana nini?
Akacheka. Ni moja, Baba. Kikorea. Hana ni moja.

Cheti kilikuwa ukutani, ndani ya kioo,
maandishi kama vijumba vyenye milango na madirisha,
sikujua anayekaa hata katika kimoja.
Saini sikuijali. Saini ni mwendo wa mkono, na mkono hulewa.
Nikavaa miwani, nikautafuta muhuri.

Mduara mwekundu. Ndani yake vijumba vitano.
Na pale chini, kushoto, mkwaruzo mwembamba kama unywele,
wa kisu kilichoteleza umeme ulipokatika.
Naujua mkwaruzo ule.
Ulininyofoa ncha ya kidole gumba.
Mteja alileta karatasi, akasema nakili tu, mzee,
ni nembo ya kiwanda cha viatu.
Nikanakili. Ningemhoji kila mteja, ningekula nini?

Nikakaa kwenye kreti, hasira inapanda na haijui imlenge nani.
Mwalimu Bituro alikuwa anamfundisha mtoto mnene kuanguka.
Si kupiga. Kuanguka. Kidevu kifuani,
kiganja kiifikie sakafu kabla ya mgongo.
Akaanguka naye mara tisa, nilihesabu,
na mtoto alipolia hakumwambia wanaume hawalii,
alimwambia: kiganja kwanza, kilio baadaye.
Kisha akamwinamia. Mkanda mweusi ukauinamia mweupe
mpaka ncha zake zikaning'inia karibu na sakafu.

Watoto walipotoka nikamwonyesha kovu la kidole.
Hakubisha. Alilitazama, akakitazama kioo.
“Dani ya kwanza ni ya kweli,” alisema.
“Niliipata hapa hapa Mwanza, na ubavu ukavunjika.
Karatasi yake ilitaka dola. Mwalimu wangu akafa hatujazipata.
Ya pili, ya tatu, ya nne...”
Akanyamaza. Feni ikaendelea.
“Wazazi huuliza namba, mzee. Hawaulizi nilianguka kwa nani.”

Nami nilikuwa nimeuliza namba.

Sikumsamehe. Muuza nyanya akichezea mizani,
utamu wa nyanya zake haumtetei.
Nikamwambia: kishushe mbele yao, useme mwenyewe.
Muhuri akanirudishia ndani ya soksi.
Nimeukata vipande kwa kisu kile kile,
na bado sijui kama nimefuta kosa lake au langu.

Jumatano alikishusha. Wazazi watatu wakaondoa watoto wao.
Mimi nikalipa elfu ishirini, noti zenye alama za vidole vya zambarau.

Ukutani pamebaki pembe nne, peupe kuliko kwingine.
Nkwimba husimama akipatazama, ngumi kiunoni,
avute pumzi, aanze:
Hana!
Ndiyo, nasema moyoni. Hana.
Halafu teke linapita juu ya bega, linarudi,
na mguu unatua bila kelele.